Pesa Zimfuate Mtoto

Nchini Kenya, wazazi wakifariki, au mama akienda Uarabuni kutafuta kazi, mtoto huchukuliwa na nyanya, shangazi au mjomba. Mara nyingi hakuna hakimu anayehusishwa: wazee hukaa kikao baada ya matanga, na mtoto anahama. Mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto wa makao ya mayatima katika familia unawategemea jamaa hao hao. Kwa hiyo nashikilia kwamba msaada wa elimu uhesabiwe kwa kila mtoto na umfikie anayemlea, awe na hati za mahakama au asiwe nazo.

Ushahidi upo. Mpango wa serikali wa kuzipa pesa kaya zinazolea mayatima, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004 na sasa uko chini ya Inua Jamii, programu ya kitaifa ya misaada ya pesa, ulipimwa kwa kulinganisha kaya zilizopokea na zisizopokea. Manufaa yalijitokeza zaidi kwenye sekondari kuliko shule za msingi, ambako karo ilikuwa imeondolewa tangu 2003. Yaani pesa husaidia pale penye gharama, na gharama bado zipo. Mwaka 2018 serikali ilianza kutenga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, lakini sare na chakula cha mchana ni juu ya nyumbani. Huko nyumbani shilingi 2,000 za mwezi za mpango huo wa mayatima hutolewa kwa kaya nzima, hata watoto wawe wangapi. Nyanya mwenye wajukuu wanne anabaki na shilingi 500 kwa kila mmoja, kabla hajanunua unga. Fomu ya basari nayo ikidai cheti cha kifo, mtoto ambaye mama yake yuko hai lakini haonekani hana cha kuambatisha.

Wapo wanaosema kulea mtoto wa ndugu ni wajibu, na kuulipia ni kuuharibu. Lakini anayelipiwa si nyanya kwa upendo wake. Kinacholipiwa ni viatu, daftari na chakula, na wajibu haumpi ajuza kipato asichokuwa nacho. Hofu ya udanganyifu ina uzito zaidi, kwani wapo watakaoandikisha watoto wasiolala kwao. Hata hivyo, mpango wenyewe ulianza kwa kutumia kamati za wenyeji kutambua kaya zinazostahili. Majirani, chifu na mwalimu wa darasa wanajua mtoto anaamkia nyumba gani. Ushahidi wao, ukikaguliwa kila mwaka, utaeleza hali ya mtoto huyo vizuri zaidi kuliko cheti cha kifo.