Ndoo ya makombo Mikumi: faida iko jikoni, si kwenye kiroba cha mboji

Mfanyabiashara wa chakula Mikumi anajua bei ya kilo ya mchele, ya nyama na ya gunia la mkaa hata ukimwamsha usiku wa manane. Ukimuuliza bei ya ndoo ya makombo inayotokea mlango wa nyuma baada ya basi la mwisho kuondoka, atacheka. Kumbe ndoo hiyo ina bei. Wiki hii ukurasa huu unaipigia hesabu, kwa sababu wenye mitaji midogo wanaambiwa kila kona kwamba mboji ni dhahabu iliyolala, na wapo walio tayari kutoa akiba zao kuifuata.

Tuanze na mahali. Mji mdogo wa Mikumi uko wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Barabara hiyo inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilometa 50, na anayetoka upande wa Morogoro akishaimaliza hifadhi anakutana na mji. Malori husimama hapo, mabasi husimama, na wenye magari binafsi hushusha watoto wao kula. Kilosa mjini, zaidi ya kilometa 70 kwa barabara, hali ni nyingine. Wateja ni watumishi wa ofisi, wakulima waliokuja sokoni na wasafiri wa reli, ambao sasa wana pia stesheni ya SGR, treni iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Kwa kifupi, mgahawa wa Kilosa una wateja wachache wanaorudi, na wa Mikumi una wengi wasiorudi. Tofauti hiyo inaonekana hadi ndani ya ndoo.

Abiria wa basi ana dakika chache. Anakula haraka, anaacha alichoacha, na juu ya wali uliobaki anatupa tishu, kijiti cha meno na mfuniko wa soda. Familia iliyokuja Jumapili inakaa. Kila mtoto anaagiziwa sahani yake, na mtoto wa miaka mitano hamalizi chipsi kuku ya mtu mzima. Familia iliyoagiza sinia moja la pilau wakala pamoja haibakizi mengi, na kinachobaki mama huomba afungiwe aende nacho nyumbani.

Hapa kuna jambo ambalo watetezi wa mazingira hulisahau, lakini mhasibu hawezi kulisahau. Makombo ya sahani yameshalipiwa na mteja. Mwenye mgahawa amepata fedha yake hata kama nusu ya sahani inarudi jikoni, kwa hiyo hana haraka ya kuyapunguza. Kilicholipiwa na mwenye mgahawa mwenyewe ni kile kisichofika mezani: ukoko, wali uliolala, nyanya zilizooza na maganda ya viazi yaliyomenywa kwa kisu kinene. Hasara ya kweli iko huko, na ni huko anakopaswa kuanza. Sahani ya nusu kwa watoto inalipa zaidi Kilosa, kwa kuwa mzazi yule yule atarudi Jumapili ijayo akiwa na wanawe wote wanne. Mikumi, ambako hutamwona tena, faida yake ni ndogo.

Tatizo si la Kilosa peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ilitoka majumbani na asilimia 28 migahawani, mahotelini na kwa watoa huduma wengine wa chakula.

Sasa hesabu. Tuchukue mgahawa wa wastani unaotoa ndoo mbili za lita 20 kwa siku, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 15. Hizo ni kilo 30 kwa siku, au kilo 900 kwa mwezi. Taka za jikoni ni maji kwa sehemu kubwa, mara nyingi robo tatu ya uzito. Zikioza vizuri hupungua sana, na kilo 900 zitakupa kama kilo 225 za mboji. Kwa macho zinaonekana nyingi, viroba vinne na nusu vya kilo 50.

Lakini mkulima anaponunua mbolea ananunua virutubisho, hanunui uzito. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, wakati mboji ya jikoni tuihesabie asilimia moja. Kilo zetu 225 zina naitrojeni ya kilo mbili na robo, ambayo inapatikana katika kilo tano hivi za urea. Serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea Agosti 2022, mfuko wa kilo 50 wa urea ulishushwa kutoka zaidi ya Sh 120,000 hadi Sh 70,000. Kwa bei hiyo ya ruzuku kilo moja ni Sh 1,400. Maana yake naitrojeni yote ya mwezi mzima, pamoja na jasho la kugeuza lundo, inashindana na Sh 7,000. Toa hapo gharama ya kukodi guta, toa viroba, toa kibarua, uone kama kuna kitu kitabaki. Ukiipakia kwenye lori kwenda Morogoro utakuwa umelipa nauli ya mchanga.

Ni kweli mboji ina mengi ambayo urea haina. Inashika maji, inalegeza udongo na kulisha viumbe wake. Faida hizo ni halisi, ila zinaonekana shambani kwa anayeitumia mwenyewe, na ni vigumu kumtoza mnunuzi wa mara moja. Ndiyo sababu hata viwanda vikubwa haviuzi mboji tupu. Kiwanda cha mbolea ya FOMI kilichojengwa Nala, Dodoma, na wawekezaji kutoka Burundi huchanganya samadi na madini, ili mfuko ubebe virutubisho vya kutosha kulipia safari.

Basi tuigeuze hesabu. Mgahawa huo huo hununua mchicha, sukuma wiki na bilinganya kila siku. Tuseme unanunua mafungu kumi ya mboga kwa Sh 300, yaani Sh 3,000 kwa siku na Sh 90,000 kwa mwezi. Msomaji aweke bei ya soko lake. Tuta la meta moja kwa kumi linatosheka na kilo 30 za mboji, kwa hiyo kilo 225 zinarutubisha matuta saba. Mchicha huvunwa kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Bustani ikikidhi nusu tu ya mahitaji ya jiko, imeokoa Sh 45,000 kwa mwezi kabla ya kutoa gharama ya maji na ya mtu wa kumwagilia. Mboji ile ile iliyokuwa na thamani ya Sh 7,000 ndani ya kiroba imekuwa na thamani mara kadhaa ikiwa ndani ya tuta nyuma ya jiko. Asiye na uwanja anaweza kubadilishana na jirani mwenye bustani, ndoo kwa mafungu ya mboga, bila fedha kupita mkononi.

Hesabu inakuwa nzuri zaidi ukitenganisha. Katika kilo 30 za siku, tuseme kilo 10 ni chakula kilichopikwa na kilo 20 ni maganda na mboga mbichi. Kilichopikwa ni chakula cha mifugo, na kukizika kwenye lundo ni kuchoma fedha. Kilo 10 za makombo, ukitoa maji, zina chakula kikavu cha kilo mbili na nusu hadi tatu. Kama kilo ya pumba ni Sh 500, umeokoa kati ya Sh 1,250 na Sh 1,500 kwa siku, karibu Sh 40,000 kwa mwezi. Maganda yanayobaki yatatoa kilo 150 za mboji, matuta matano.

Mfugaji wa nguruwe ndiye mnunuzi wa kwanza wa makombo, lakini ana masharti yake. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na virusi vyake hukaa katika nyama ya nguruwe isiyoiva sawasawa. Makombo yachemshwe kwa nusu saa kabla ya kulishwa, na mkaa huo uingizwe kwenye gharama. Wenye migahawa wengi Kilosa na Mikumi ni Waislamu na hawataki biashara hiyo. Kwao kuku na bata wanafaa, mradi chakula chenye chumvi na mafuta mengi kisizidi.

Lundo la mboji nalo lina kanuni zake, na waliokata tamaa kwa sababu ya harufu wengi walikosea hapa. Taka za jikoni zina naitrojeni nyingi na unyevu mwingi. Zikikaa peke yake zinanuka na kujaa nzi. Zinahitaji kitu kikavu chenye kaboni, na wilaya ya Kilosa haina shida ya mabua ya mahindi wala majani makavu. Kwa kila ndoo ya maganda weka ndoo mbili au tatu za mabua yaliyokatwakatwa. Maganda ya mpunga yanasaidia hewa kupita, ila huoza taratibu mno. Lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ligeuzwe kila wiki, na katikati lifikie nyuzi joto 55 au zaidi ili mbegu za magugu zife. Baada ya miezi miwili hadi mitatu mboji imeiva. Kilosa mjini tumia lundo lililoinuliwa badala ya shimo. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwafundisha watu wa huko maana ya kuwa bondeni.

Mikumi kuna gharama ambayo miji mingine haina: wanyama. Mji unapakana na hifadhi, na nyani akishazoea wali wa barabarani harudi kuchimba mizizi. Ndoo isiyo na mfuniko na lundo lisilo na uzio ni mwaliko. Atakayesahau uzio kwenye mchanganuo wake atakumbushwa na nyani.

Mwekezaji mdogo atauliza: mbona Nairobi na Dar es Salaam watu wanafanya biashara hii kwa ukubwa? Wanafanya, lakini angalia fedha inaingilia mlango upi. Nairobi kampuni ya TakaTaka Solutions ilijijenga kwa kutoza ada ya kuzoa taka, na mboji ikaja kama nyongeza. Dar es Salaam, mtambo wa mboji wa Mabwepande ulijengwa na Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, ukilishwa taka za masoko. Hakuna kati yao aliyeanza kwa kutegemea bei ya kiroba.

Somo kwa Mikumi liko wazi. Migahawa na nyumba za wageni zimepangana kando ya barabara moja, na mtu mwenye guta moja anaweza kuzizungukia asubuhi bila kuchoma mafuta mengi. Auze huduma ya kuondoa ndoo, atoze ada ya mwezi, na anachokusanya kiwe malighafi ya bure kwa mifugo na bustani yake. Kwanza azungumze na halmashauri, kwa sababu usimamizi wa taka ngumu uko mikononi mwa serikali za mitaa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Na kabla ya kuchapisha jina lake kwenye kiroba akumbuke kwamba Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea inayouzwa isajiliwe na TFRA. Usajili huo una gharama ambayo mauzo ya viroba vinne kwa mwezi hayawezi kuibeba.

Kuhusu funza wa nzi weusi, wale wafugaji wanaowaita BSF: teknolojia ni ya kweli, funza wanakula makombo kwa kasi na kuku wanawapenda. Ninachokitilia shaka ni biashara ya kuuza mayai na mafunzo kwa ahadi kwamba muuzaji atarudi kununua funza wote. Waliofuga kware mwaka 2014 wanaujua mwisho wa soko ambalo wanunuzi wake wakuu ni wafugaji wapya.

Tukirudi mezani, familia inayotaka kujua kama mgahawa unatenganisha kweli haihitaji kusoma bango. Waombe kunawa mikono upande wa nyuma na watazame. Kama ziko ndoo tatu, moja ya chakula, moja ya maganda na moja ya plastiki na tishu, na zote zina mifuniko, kazi inafanyika. Kama mhudumu anakunguta sahani zote kwenye pipa moja, bango ni la mapambo. Mwenye mgahawa naye asitegemee kupandisha bei ya wali kwa sababu ana lundo la mboji. Wateja wa Mikumi hawatalipa. Atakachopata ni jiko lisilo na nzi na mboga iliyochumwa saa hiyo, na mzazi mwenye watoto huona vyote viwili kabla hajakaa.

Kwa wanaotaka kuingia mkataba wa makombo na wafugaji, angalizo ni msimu. Mahindi ya masika yakivunwa, kati ya Juni na Agosti, pumba hushuka bei na mfugaji hupunguza anacholipia ndoo. Kuanzia Januari hadi Machi pumba huwa ghali na ndoo hugombewa. Mkataba wa mwaka mzima ukisainiwa Februari utakuwa na bei nzuri kwa mwenye mgahawa, na ukisainiwa Julai utakuwa mzuri kwa mfugaji.