Fedha zikikwama mpakani: jiandae kuthibitisha kuwa laini ni yako

Chukua mfano wa dereva aliyefika Tunduma na mzigo wa Lubumbashi. Tajiri amemtumia fedha za njiani, lakini amekosea namba ya siri mara kadhaa na akaunti yake ya simu imefungwa. Anapiga huduma kwa wateja. Anaulizwa jina kamili la mwenye laini na namba ya kitambulisho. Laini ilisajiliwa kwa jina la shemeji yake. Mazungumzo yanaishia hapo, na gari linabaki kwenye foleni.

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, fedha nyingi za biashara zimehamia kwenye simu. Mhudumu anayepokea simu yako hakuoni. Anachokitazama ni kumbukumbu za usajili wako.

Kwa kawaida atakuuliza jina kama lilivyoandikwa siku ya usajili na namba ya kitambulisho ulichotumia. Anaweza pia kuuliza muamala wako wa mwisho: kiasi gani, na kwa nani. Majibu yasipolingana anatakiwa kukataa, hata kama ni wewe kweli. Kukataa huko ndiko kunakomzuia mwizi aliyeokota simu yako.

Kwa wanaovuka mipaka, matatizo makubwa ni matatu.

Kwanza, laini ya jina la mtu mwingine. Nchini Tanzania usajili kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, kwa hiyo mwenye kidole ndiye anayetambuliwa. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayoitumia haimo, irekebishe mapema.

Pili, pasipoti. Mgeni husajili laini kwa pasipoti, na pasipoti mpya huja na namba mpya. Tunza nakala ya ile ya zamani, kisha nenda kwenye duka la kampuni wabadilishe taarifa.

Tatu, namba fupi. Namba kama 100 inaweza isikufikishe kwa kampuni yako ukiwa nchi ya pili. Kabla ya kuvuka, hifadhi namba ndefu ya huduma kwa wateja yenye msimbo wa nchi.

Usifute ujumbe wa miamala. Namba ya muamala ndiyo njia ya haraka ya kufuatilia fedha. Mteja wa Safaricom aliyetuma M-Pesa kimakosa, kwa mfano, hupeleka ujumbe huo kwenda 456 kuomba fedha zirudishwe.

Jambo moja halibadiliki: mhudumu wa kweli hakuulizi namba ya siri, wala tarakimu zilizoingia kwenye simu yako kwa ujumbe. Unapopiga wewe, wao wanakuhakiki. Wanapopiga wao, wewe ndiye unayepaswa kuwahakiki. Ukiwa na shaka kata simu, kisha upige mwenyewe namba rasmi. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040 ukiwa Tanzania, au 333 kama unatumia Safaricom Kenya.

Kabla ya safari ijayo, hakikisha jina lililoko kwenye laini ni lako na kitambulisho kinalingana. Kazi hiyo ni rahisi ukiwa mjini kwako kuliko ukiwa kwenye foleni ya malori.