Jengo la Jirani Hupingwa Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Kibao chenyewe huwa kidogo. Kimefungwa kwa waya kwenye lango la ploti, kimeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi zilizobanana, na mvua ikinyesha mara mbili wino unaanza kuchuruzika. Kinasema mwenye ploti anaomba kaunti imruhusu kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka nyumba ya familia moja hadi fleti za kupangisha, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Wanaokwenda kazini wanakipita alfajiri, wanaorudi wanakipita giza limeshaingia. Miezi inapita. Siku moja ua unang'olewa, mabati yanasimamishwa, tingatinga linaingia, na hapo ndipo mtaa mzima unapopaza sauti.

Sauti hiyo huwa imechelewa. Wakati huo mwenye jengo ameshalipa ada, ameshachukua mkopo, ameshaajiri mkandarasi, na mkononi ana karatasi yenye mhuri. Kumzuia sasa ni kesi ndefu ya mawakili. Kumzuia wakati ule wa kibao kungehitaji barua ya kurasa mbili.

Nairobi ndiko mambo haya yanakoonekana waziwazi. Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilikuwa mitaa ya nyumba za chini zenye bustani, na mabomba ya maji taka na barabara zake vilipimwa kwa idadi ya watu wa wakati huo. Leo ploti iliyokuwa na familia moja inabeba ghorofa kumi na zaidi, na jirani yake inafuata. Sisemi mitaa hiyo ibaki ya wachache. Mji unakua na watu wanataka mahali pa kulala. Lakini nyumba mia moja zikiunganishwa kwenye bomba lililolazwa kwa ajili ya nyumba chache, uchafu utatafuta njia, na njia hiyo mara nyingi ni ua wa yule aliyekaa chini ya mteremko.

Anayelalamika huitwa mwenye wivu. Ndilo neno linalowanyamazisha watu wengi kuliko hata hofu ya gharama: mwenzako amejaliwa, wewe unamwekea vikwazo. Napinga fikra hiyo kwa nguvu zote. Mtu anayeuliza maji ya mvua yatakwenda wapi, au shimo la maegesho ya chini ya ardhi litachimbwa umbali gani na msingi wake, hamwonei mtu kijicho. Anauliza habari ya paa linalowafunika watoto wake. Mwaka 2016, usiku wa tarehe 29 Aprili, jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, na takriban watu 50 wakafa. Tangu hapo hakuna mwenye haki ya kumwambia Mkenya kwamba jengo la jirani halimhusu.

Pwani walijua tangu zamani kwamba jengo humhusu jirani. Nyumba za mawe za Lamu ziliangalia ndani, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, na upande wa njia ziliacha madirisha machache. Aliyejenga alifikiria kwanza macho yake yangeangukia wapi. Siku hizi roshani ya ghorofa ya nane inachungulia uani kwa mtu anakoanika nguo na kuogesha watoto, na mchoraji wa ramani hakuulizwa.

Sheria, kwa haki yake, haikumwacha jirani mikono mitupu. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza kujenga bila ruhusa ya kaunti. Anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake. Inampa yeyote aliyeumizwa na uamuzi siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti, na kutoka hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho kila mkazi anapaswa kukijua: siku 60 zikipita bila mwombaji kupata jibu la maandishi, ruhusa huchukuliwa kuwa imetolewa. Faili iliyolala mezani haimlindi jirani. Inamjengea mwenzake.

Basi barua iandikweje? Anza kwa kwenda kaunti na namba ya ploti iliyo kwenye kibao, uombe kuona michoro. Usiandike kwa kusikia. Kisha andika mambo ambayo mpangaji wa mji anaweza kuyapima: eneo limetengewa ghorofa ngapi na hili linaombwa ngapi, ukuta utakuwa umbali gani na mpaka, magari yataegeshwa wapi, maji taka yataingia bomba lipi, jua na hewa vitakufikiaje. Weka picha za barabara ilivyofurika mvua iliyopita. Ikiwa unahofia uchimbaji, mlete mhandisi aandike hali ya kuta zako sasa, kabla ya nyufa, kwa sababu baadaye utaambiwa zilikuwapo. Acha kabisa habari za kabila la wapangaji watakaokuja, ugomvi wenu wa mbwa, au kwamba fleti zake zitakunyang'anya wateja. Aya moja ya namna hiyo inaiharibu barua nzima. Wekeni saini wengi, pelekeni nakala, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Upande wa mazingira una njia yake. Leseni ikitolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inaweza kupingwa mbele ya jopo la kitaifa la mazingira ndani ya siku 60. Jopo hilo si la mapambo. Tarehe 26 Juni 2019 lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya utangulizi ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, na watu hawakupewa nafasi ya kuujibu utafiti wenyewe. Wakazi wa Lamu walishinda mradi wa mabilioni. Mradi mdogo wa mtaani hauwezi kudai kwamba kwake kumsikiliza jirani ni hiari. Mitaani, wakazi wengi wamelalamika kwamba dodoso la maoni la utafiti wa athari hujazwa na bawabu au mpita njia asiyeishi hapo. Likiletwa kwako, soma kabla ya kusaini, na upige picha ulichosaini.

Ninalo ombi kwa serikali za kaunti, na nalisema kwa uzito wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa nini basi tangazo linaloweza kubadilisha maisha ya mtaa liandikwe kwa Kiingereza cha kisheria pekee, kwenye kibao kisichosomeka kutoka upande wa pili wa barabara? Liandikwe kwa Kiswahili pia, liwe kubwa, lionyeshe idadi ya ghorofa, lieleze ofisi ya kupeleka barua na siku ya mwisho. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya lori moja la saruji.

Nawe msomaji, ukiona kibao kwenye lango la jirani wiki hii, simama ukisome. Kipige picha siku hiyohiyo, maana siku 14 zimekwisha kuanza kuhesabiwa.