Je, Wajua? Nyaya za Mota Zinapopata Moto Kwenye Gari la Rimoti

Je, wajua kwamba waya wa mota unaweza kuunguza vidole na bado usiwe na kasoro yoyote? Mara nyingi ndivyo ilivyo. Kabla hujakimbilia dukani kununua waya mnene zaidi, endesha gari dakika chache, lizime, chomoa betri, kisha pitisha kidole kwa tahadhari. Joto liko wapi hasa?

Likiwa limeenea sawasawa urefu wote wa waya, mota inavuta umeme mwingi kuliko unene wa waya huo unavyoweza kubeba. Likiwa kali upande wa mota na kufifia kadiri unavyoelekea kwenye kidhibiti mwendo, mota ndiyo inayoungua. Shaba husafirisha joto vizuri, na waya umepokea tu. Likiwa mahali pamoja, kwenye kiungo au soketi, umeshampata mhalifu.

Je, wajua kwamba umeme ukiongezeka mara 2, joto linalozalishwa kwenye waya huongezeka mara 4? Ukiongezeka mara 3, joto ni mara 9. Kanuni hiyo aliipima Mwingereza James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, mwanzoni mwa miaka ya 1840. Ndiyo maana gari linalokimbia bila shida kwenye lami huanza kunuka plastiki likiingizwa kwenye majani marefu au mchanga.

Na kiungo kilicholehemiwa vibaya? Hapa tukae kidogo. Tuseme kina ukinzani wa omu 0.01. Ni mdogo mno, hata multimita ya bei rahisi haitauonyesha. Pitisha ampea 40 hapo na utapata wati 16 za joto, nguvu ya chuma kidogo cha kulehemu, zote zimekusanyika kwenye eneo la punje ya mtama. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Kwa hiyo waya unaweza kujichomoa wenyewe gari likiwa mbioni, na mwenye gari akalaumu betri.

Kiungo kizuri cha lehemu hiyo hung'aa. Ile isiyo na risasi hufifia hata ikiwa nzima, basi usihukumu kwa mng'ao peke yake; vuta waya, utikise, uone kama unacheza.

Shaba iliyoungua muda mrefu hugeuka nyeusi chini ya ganda, na lehemu haiishiki. Kata nyuma mpaka uikute inayong'aa.

Je, wajua kwamba waya wa moto hujiongezea moto? Kila joto linapopanda nyuzi 10, ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 4.

Ganda la silikoni huvumilia takriban nyuzi 200. Halipoozi chochote, linastahimili tu.

Namba ya waya wa kipimo cha Kimarekani ikipanda, waya unakonda: namba 12 una milimita za mraba 3.3 za shaba, namba 16 una 1.3 tu. Wengi hununua kinyume.

Je, wajua kwamba mota huvuta umeme mwingi kuliko wakati wowote inapokwama? Inapozunguka huzalisha volti zake zinazopingana na za betri. Ikisimama, upinzani huo hutoweka na ampea hupanda ghafla. Kwa hiyo achanisha gia ya mota na gia kubwa, kisha zungusha magurudumu kwa mkono. Yakiwa mazito, tafuta beringi iliyokufa, au nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli. Nywele, naam. Ni chanzo cha kawaida kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Magurudumu yakiwa mepesi, tazama gia ndogo ya mota. Kuiongezea meno kunaleta mwendo wa juu na kunaongeza mzigo pia. Ipunguze meno 2, ukimbize gari tena, upime joto.

Vipi kuhusu betri ya volti zaidi? Kwa wati 300, betri ya volti 7.4 hutoa ampea 40 hivi. Ya volti 11.1 hutoa 27. Lakini faida hiyo huipati usipopunguza gia, kwa sababu gari litakimbia kasi zaidi na kudai wati nyingi zaidi. Hakikisha pia kidhibiti mwendo na mota vinaruhusu volti hizo.

Mota isiyo na brashi ina nyaya 3. Mmoja ukiwa moto kuliko wenzake, chunguza viungo vyake kabla ya kingine chochote. Na ukishavilehemu upya, gari likarudi nyuma ulipotaka liende mbele, usikate kitu: badilishana nyaya zozote 2 kati ya hizo 3. Isipokuwa mota yenye kebo ya sensa; hiyo kila waya urudi mahali pake pa awali.