Tikitimaji Lenye Sumu

Mwanzoni mwa Julai 1985, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kwa sikukuu ya uhuru wao, familia kadhaa katika jimbo la California zilipatwa na msiba usiotazamiwa. Wazazi na watoto waliokula matikitimaji walishikwa na kichefuchefu, wakatapika, wakaharisha na kutokwa na jasho jingi. Wengine misuli yao ilitetemeka.

Maabara ziligundua sumu kali ya kuulia wadudu, iitwayo aldikabi. Sumu hiyo hutiwa udongoni, mizizi ikaifyonza na kuipandisha hadi ndani ya tunda. Kwa hiyo kuosha tikiti hakukufaa kitu. Sheria iliiruhusu katika mashamba ya pamba, lakini si ya matikitimaji.

Tarehe 4 Julai, siku ya sikukuu yenyewe, Serikali ya jimbo ilisimamisha uuzaji wa matikitimaji. Yaliyokuwa madukani yaliharibiwa, mashamba yakakaguliwa, na yaliyothibitika kuwa salama yakarudishwa sokoni yakiwa na alama. Watu zaidi ya 1,000 jimboni humo walidhaniwa kudhurika.

Nchini Marekani, Serikali kuu ndiyo huidhinisha dawa na maandishi ya kibandiko chake. Hata hivyo, ni majimbo yanayopeleka wakaguzi mashambani. Huko California mkulima hapati kutumia dawa zilizowekewa masharti makali ila kwa kibali cha Kamishna wa Kilimo wa wilaya yake, kama vile silaha isivyotoka ghalani bila saini. Tangu 1990 kila mkulima hutoa taarifa ya dawa alizotumia. Na mwaka 1991 iliundwa idara maalumu ya kusimamia kazi hiyo. Mwaka 2020 jimbo hilo lilikomesha karibu matumizi yote ya klopirifosi, kwa kuhofia madhara yake katika ubongo wa watoto.

Hata hivyo, mkaguzi hulinda shamba na soko, hafiki jikoni. Nyumbani walinzi ni baba na mama. Dawa ya wadudu isihamishiwe katika chupa ya soda, isinunuliwe bila kibandiko, wala isiwekwe karibu na chakula. Ifungiwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mwenye kudharau maandishi ya kibandiko huitia hatarini nyumba yake mwenyewe, na majuto ni mjukuu.