This (lugha za programu)

This ni neno linalotumiwa katika lugha za programu zinazozingatia vitu ili kitu kijitaje chenyewe na kufikia sifa na methodi zake. Lugha nyingine hutumia self au Me kwa kazi hiyohiyo.

Historia

Simula 67, lugha iliyoundwa nchini Norwei na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ilikuwa tayari na neno hilo. Smalltalk, iliyobuniwa Xerox PARC katika miaka ya 1970, ilichagua self. Baadaye C++, Java, C#, JavaScript na PHP zilifuata this. Python, Ruby na Swift zilifuata self. Visual Basic hutumia Me.

Matumizi

Klasi moja huweza kuzaa vitu vingi, lakini methodi huandikwa mara moja tu. Kwa mfano, akaunti 1,000 za benki hutumia methodi ileile ya kuweka fedha. Neno this ndilo linaloonyesha salio la akaunti ipi libadilishwe: ile iliyoitiwa methodi hiyo.

Mfano katika Java:

```
class Akaunti {
    private int salio;

    Akaunti(int salio) {
        this.salio = salio;
    }
}
```

Hapa `this.salio` ni sifa ya kitu, na `salio` ya upande wa kulia ni thamani iliyoletwa kutoka nje. Mtu akiandika `salio = salio;` thamani hiyo hujipa yenyewe. Programu hukubalika bila kosa, lakini aliyefungua akaunti kwa shilingi 5,000 hukuta salio lake ni 0.

Tofauti kati ya lugha

Katika Java, this huweza kuachwa pale ambapo hakuna majina yanayogongana. Katika Python, self huandikwa wazi kama parameta ya kwanza ya methodi. Si neno lililotengwa na lugha, bali ni desturi ya waandishi. Kuandika `salio = 5000` bila self ndani ya methodi huunda kigeu cha muda tu, kinachopotea methodi inapomalizika.

Katika JavaScript, maana ya this hutegemea jinsi funksheni ilivyoitwa, si mahali ilipoandikwa. Funksheni za mshale, zilizoongezwa mwaka 2015, huchukua this ya mahali zilipoandikwa.

Methodi tuli ni mali ya klasi, si ya kitu kimoja. Kwa hiyo katika Java, C++ na C# hazina this.