"Hata kama" ya Kiingereza: Vineno viwili vinavyoweza kumtia mtu hatiani

TUSEME kijana anayeuza katika duka la mwajiri wake ameitwa kituo cha polisi aeleze zilikopotelea pesa za mauzo. Anajitetea kwa Kiswahili: "Hata kama nilizichukua hizo pesa, sikuziiba." Afisa aliye mezani anaiandika taarifa hiyo kwa Kiingereza, kisha anampa karatasi atie sahihi.

Ikiwa afisa ameandika "Even if I took the money", kijana hajakiri lolote. Anachosema ni kwamba hata tukikisia kuwa alizichukua, kitendo hicho hakingekuwa wizi. Lakini ikiwa ameandika "Even though I took the money", kijana amekwisha kukubali kwamba alizichukua. Linalobaki sasa ni kubishania nia yake tu.

Neno moja limebadilika, na kesi imebadilika pamoja nalo.

Kiingereza cha kila siku kimejaa mafungu ya namna hii, ambapo kielezi kidogo hushikana na kiunganishi, na viwili hivyo vikafanya kazi ambayo kimoja hakingeiweza peke yake. Kwa kuwa vineno vyenyewe ni vifupi, na mwanafunzi hukutana navyo tangu shule ya msingi, wengi wetu hudhani tumekwisha kuvijua. Aghalabu tunavijua nusu.

Tuanze na kazi ya kila kimoja. Kiunganishi ndicho huamua kama jambo linalosemwa ni dhana au ni kweli. "If" hufungua mlango wa dhana: huenda jambo lilikuwa, huenda halikuwa. "Though" huufunga mlango huo: jambo lilikuwa, na msemaji analikubali.

Kielezi "even", ambacho ni "hata" yetu, hakiwezi kuigeuza dhana kuwa kweli. Kazi yake ni nyingine. Linganisha sentensi hizi: "If it rains, we shall travel" na "Even if it rains, we shall travel." Katika ya kwanza, safari inategemea mvua. Katika ya pili, mvua haina nguvu ya kuizuia safari. Hali ya hewa bado haijulikani katika zote mbili, ila "even" kimetangaza kwamba matokeo hayatabadilika.

Hapo ndipo ilipo njia rahisi ya kujipima. Ukitatizika, kiondoe kielezi, usome kilichobaki. "If I took the money" inabaki kuwa dhana. "Though I took the money" inabaki kuwa kukiri.

Mbona basi Mswahili huteleza mahali hapa? Ni kwa sababu "hata kama" katika mazungumzo yetu hubeba mizigo yote miwili. Mtu husema, "Hata kama yeye ni mzee, bado analima," ilhali anajua fika kwamba anayemzungumzia ni mzee. Alichokusudia ni "ingawa yeye ni mzee". Anayesikiliza haoni taabu, kwa sababu sauti na muktadha humwongoza. Karatasi haina sauti.

Si kwamba Kiswahili kina upungufu. Kinyume chake, kimejaliwa viambishi vinavyoweza kulipambanua jambo hili kuliko Kiingereza chenyewe. "Ijapokuwa nilizichukua" ni kukiri waziwazi. "Hata kama ningezichukua" ni dhana tupu. "Hata kama ningalizichukua" hudokeza kwamba msemaji hakuzichukua kamwe. Kijana wetu angetumia mojawapo ya hizo, mfasiri asingekuwa na la kukisia. Alisema "hata kama nilizichukua", akamwachia mtu mwingine amchagulie maana.

Fungu la pili linalostahili kutazamwa ni la "only", yaani "tu", na "if". Hapa mpangilio ndio hoja. Kielezi kikitangulia, tunapata "only if", yaani "iwapo tu". Kiunganishi kikitangulia, tunapata "if only", ambayo ni "laiti". Maneno ni yale yale mawili, lakini la kwanza hutoa sharti na la pili hutoa majuto: "If only I had read the letter" ni sawa na kusema "Laiti ningaliisoma barua ile."

Wanaojutia barua mara nyingi ni wale ambao hawakutofautisha "if" na "only if". Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo kinachomwandikia mwanachama kwamba atapewa mkopo "if you bring two guarantors". Hiyo ni ahadi. Akiwaleta wadhamini wawili, ana haki ya kuudai mkopo wake.

Sasa tia "only": "only if you bring two guarantors". Ahadi imetoweka. Barua haisemi tena kwamba akileta wadhamini atapewa, bali inasema kwamba asipowaleta hatapewa. Anaweza kuwaleta wawili, hata watano, na bado akaambiwa kuwa akiba yake haitoshi au mshahara wake ni mdogo. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema, "Hupewi mpaka ulete wadhamini." Wadhamini ni mlango wa kuingilia, si mkopo wenyewe.

Wanahisabati wameutambua mwanya huo zamani. Wanapotaka kuufunga pande zote mbili, yaani sharti liwe la lazima na pia litoshe, huandika "if and only if". Barua za mikopo ni nadra kuwa na ukarimu huo.

"Only if" ina tabia nyingine inayowaponza watahiniwa. Ikianza sentensi, hulazimisha kitenzi kisaidizi katika kishazi kikuu kumtangulia mtenda. Husemwi "Only if you sign the bank will pay", bali "Only if you sign will the bank pay." "Even if" haina sharti hilo.

Kuna kosa la tatu ambalo walimu wa Kiingereza hulisahihisha kila muhula bila kueleza chanzo chake. Mwanafunzi huandika, "Although he is old, but he works." Anaandika hivyo kwa kuwa lugha yake inamruhusu: "Ingawa ni mzee, lakini anafanya kazi" ni sentensi iliyozoeleka sana.

Kiingereza hakikubali kwa sababu "although" na "but" zote ni viunganishi. Cha kwanza kimekifanya kishazi kimoja kiwe tegemezi, na kishazi hicho kinahitaji kishazi huru cha kuegemea. Cha pili kinataka kuunganisha vishazi viwili vilivyo sawa. Kazi hizo mbili hazipatani katika sentensi moja. Lakini weka kielezi mahali pa "but", na mgogoro unakwisha: "Although he is old, he still works." Kielezi hakifungi vishazi, kwa hiyo hakigombani na mtu.

Kwa sababu iyo hiyo, "and yet" na "and so" hazina kasoro. "And" inaunganisha, "yet" na "so" zinaelekeza. Kiunganishi hutangulia, kielezi hufuata. Ila tahadhari na "yet": katika "He has not paid yet" maana yake ni "bado", ilhali katika "and yet he has not paid" ni "na hata hivyo". Ya kwanza inampa mdaiwa muda. Ya pili inamlaumu.

Hata "although" yenyewe ina asili ya muungano huu. Katika Kiingereza cha kale cha zama za kati ilikuwa maneno mawili, "all" na "though", na "all" hapo ilitumika kutilia mkazo kama "even" inavyotumika leo. Maneno hayo yalishikana hadi yakawa moja. Nasi tunayo yetu: ndani ya "ingawa" na "ijapokuwa" kuna kitenzi "kuwa" kilichogandamana na viambishi.

Turudi kituoni. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inasema Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi za Kenya. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, na pia haki ya kutolazimishwa kukiri. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo.

Haki hizo ni kubwa, lakini hakuna hata moja inayoweza kukusomea sentensi uliyoitilia sahihi. Kabla ya kushika kalamu, omba usomewe taarifa yako tena, polepole. Kila unaposikia "even" au "only", uliza ni neno gani lililo kando yake. Kama si lile ulilokusudia, omba lisahihishwe papo hapo. Ukikumbuka ukiwa kizimbani, neno litakalokufaa ni lile moja la majuto: laiti.